Afya ya Nyumba Yetu: Chumvi, Maji na Shinikizo la Damu



Mwezi huu twaijibu barua ya dada yetu mmoja wa mjini Shinyanga. Kwa ufupi, atueleza hivi. Mume wake, mtu wa miaka hamsini na minne, alipimwa zahanati siku mbili mbalimbali akaambiwa kuwa shinikizo la damu yake ni 160 kwa 100. Akapewa vidonge, na akausiwa apunguze chumvi. Majirani wakamwambia asijitaabishe na habari ya chumvi, ila kila alfajiri anywe maji mengi kabla ya kula kitu, kwani maji, kwa maneno yao, huiosha chumvi ikatoka katika damu. Tena kijana wao mkubwa achimba dhahabu huko Nyarugusu, katika Mkoa wa Geita. Kila arudipo nyumbani hunung'unika kuwa mboga haina ladha, na husema kuwa mtu atokwaye na jasho kama yeye hana budi kula chumvi nyingi. Na nyumbani wamo watoto wadogo watatu. Dada yetu auliza: "Chungu ni kimoja. Nimpikie nani?"

Swali hili si la nyumba moja. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne, miongoni mwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajijui. Basi twaona yafaa tulijibu kwa kirefu kidogo, ili na nyumba nyingine zifaidike.

MARADHI YASIYOPIGA HODI

Moyo huisukuma damu katika mishipa usiku na mchana. Nguvu ile ambayo damu huzisukuma nayo kuta za mishipa ndiyo iitwayo shinikizo la damu, au presha kama wengi wasemavyo. Hupimwa kwa hesabu mbili: ya juu ni wakati moyo unapojikaza, na ya chini ni wakati unapotulia. Mtu mzima mwenye afya huwa karibu ya 120 kwa 80. Ikiwa hesabu ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, tena si kwa siku moja tu, basi mtu huyo ana maradhi. Na anayepimwa yampasa kwanza akae ametulia kiasi cha dakika tano, asije akapimwa naye ndio kwanza anashuka katika baiskeli.

Ubaya wa maradhi haya ni kuwa hayapigi hodi. Mtu hulima, huswali, hucheka na wenzake, na ndani mishipa yake inachakaa. Kisha siku moja huanguka kwa kiharusi, au moyo hushindwa kazi yake, au figo hufa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo mwenye maradhi haya asingoje kuumwa na kichwa ndipo aamini kuwa ni mgonjwa.

CHUMVI INAVYOFANYA KAZI

Chumvi tulayo ina kitu kiitwacho sodiamu. Mwili hauwezi kuishi bila ya sodiamu, kwani mishipa ya fahamu na misuli huitumia, lakini haja yake ni ndogo. Sodiamu na maji hufuatana kama mtu na kivuli chake. Alapo mtu chumvi nyingi hushikwa na kiu, akanywa. Figo zisipoweza kuitoa sodiamu yote iliyozidi, maji nayo hubaki pamoja nayo. Damu ikaongezeka ndani ya mishipa ile ile, na shinikizo likapanda. Ni kama mtu azidishaye maji katika kiriba kilichokwisha jaa: ngozi hukaza pande zote. Tena chumvi nyingi, ikiendelea miaka na miaka, huifanya mishipa yenyewe kuwa migumu.

Watu hawako sawa katika jambo hili. Chumvi ile ile humpandisha mmoja sana na mwingine kidogo. Wenye umri mkubwa, wenye ugonjwa wa figo, wenye kisukari, na watu wenye asili ya Afrika wameonekana kudhurika nayo zaidi. Lakini faida ya kupunguza ni ya wote. Mwaka 2013 yalikusanywa majaribio 34 yaliyofanywa kwa watu zaidi ya 3,000, ikaonekana kuwa kupunguza kiasi cha gramu 4 za chumvi kwa siku, kwa muda wa wiki nne au zaidi, huteremsha hesabu ya juu kwa kiasi cha 5 kwa wenye maradhi, na kiasi cha 2 kwa wazima. Asidharau mtu hesabu hizi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hiyo hiyo ndiyo imtenganishayo mtu na kiharusi.

Tuwakumbuke na wazee wetu. Zamani katika nchi hizi za Usukuma chumvi ilikuwa ni kitu cha safari. Watu walikwenda kwa miguu siku nyingi mpaka Ziwa Eyasi kuichota, na nyingine ilitoka katika chemchemi za Uvinza, upande wa Kigoma, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu. Kitu kilichopatikana kwa taabu namna hiyo kilitiwa chunguni kwa mkono wa uchoyo. Leo pakiti ya chumvi yapatikana katika kila duka, kwa bei ambayo hata maskini haioni, na mkono umesahau kupima. Mwili ni ule ule wa mababu, lakini chungu si kile.

VIJANA WALIOTOKA KIJIJINI

Huenda msomaji akasema kuwa presha ni ya wazee, vijana wa machimboni yawahusu nini? Basi na asikilize habari ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Dakta N. R. Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo wa magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, waliotoka vijijini mwao kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari zao zilichapishwa mwaka 1990 katika gazeti la madaktari liitwalo British Medical Journal. Wale waliohama, katika mwezi wa kwanza tu, shinikizo lao lilikuwa limekwisha wapita wale waliobaki. Mkojo wao ulipopimwa, sodiamu ilikuwa imezidi, na potasiamu imepungua. Potasiamu ni madini yaliyomo kwa wingi katika viazi, ndizi, maharage na mboga za majani, nayo huusaidia mwili kuitoa sodiamu. Watu hawa hawakubadili damu wala kabila. Walibadili nyumba na chakula.

Machimbo ya Geita, tangu Nyarugusu mpaka Rwamagasa na Mgusu, na yale ya Mkoa wa Shinyanga kama Mwakitolyo, ni mji wa namna hiyo kwa kijana aliyetoka kijijini. Nyumbani alikula ugali usiotiwa chumvi, mlenda, nsansa, michembe na matobolwa, na maziwa. Machimboni hula chakula cha kununua: chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, mchuzi uliokolezwa kwa vile vidonge vya dukani, samaki wa kayabo aliyehifadhiwa kwa chumvi, na juu ya hayo mkebe wa chumvi huwekwa mezani ili kila mtu ajiongezee. Basi tusishangae tukisikia kijana wa miaka thelathini amepimwa akakutwa na presha.

JASHO LA MCHIMBAJI

Sasa twaja kwa hoja ya kijana wa dada yetu. Hoja yake haikosi ukweli, lakini ameivuta ikapita mpaka wake. Ni kweli kuwa jasho hutoka na chumvi. Mtu ashindaye ndani ya duara lenye joto, akipiga mwamba na kubeba mawe, hupoteza maji mengi na chumvi pia. Ila Mwenyezi Mungu ameuumba mwili kwa hekima: mtu akiisha kulizoea joto, kwa kiasi cha wiki moja au mbili, jasho lake hupungua chumvi, kwa kuwa mwili huizuia isitoke. Kwa hiyo mchimbaji aliyezoea, anayekula milo yake sawasawa, kwa kawaida huipata chumvi ya kutosha katika chakula hicho hicho. Kinachompungukia zaidi ni maji.

Yampasa anywe kabla ya kuingia shimoni, kisha anywe kidogo kidogo, kiasi cha bilauri moja kila baada ya dakika ishirini awapo katika kazi nzito, wala asingoje mpaka kiu imtese. Asinywe kwa mkupuo lita nyingi za maji matupu, kwani maji yakizidi mno kwa mtu aliyetoka jasho jingi, damu huwa nyepesi kupita kiasi, naye hushikwa na kichefuchefu, kichwa na kuchanganyikiwa. Ikiwa amefanya kazi saa nyingi na misuli inamkaza, maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa, kama yale ya pakiti wapewayo wenye kuhara, yatamfaa. Na mwenzenu akionekana anaweweseka na mwili wake una moto kama tanuri, mtoeni upesi, mwekeni kivulini, mmwagieni maji, mpelekeni hospitali.

Lakini arudipo nyumbani akapumzika siku kumi, akikaa kivulini na kunywa chai, jasho lile liko wapi? Chumvi ya shimoni na ibaki shimoni. Kuila mezani kwa mama yake ni kulipa deni ambalo hadaiwi.

JE, MAJI HUIOSHA CHUMVI?

Majirani wa dada yetu wamesema kwa nia njema, lakini wamekosea. Mtu mwenye figo nzima akinywa maji kupita haja yake, figo huyatoa yale yaliyozidi katika muda wa saa chache. Mkojo huwa mwingi na mweupe, lakini chumvi haitoki kwa wingi kwa sababu ya maji hayo. Basi mtu alaye chumvi kisha akategemea maji ya alfajiri ni kama mtu apakiaye mzigo juu ya punda kila siku, kisha akamnywesha maji ili mzigo uwe mwepesi.

Maji yana haki yake nyingine. Upungufu wa maji humletea mtu kizunguzungu, huzitaabisha figo, na mwenye kunywa dawa za presha huweza kuanguka asimamapo. Basi anywe kwa kadiri ya kiu yake na joto la siku, mpaka mkojo uwe na rangi nyepesi. Hiyo yatosha. Lakini mgonjwa aliyevimba miguu, au apataye taabu ya kupumua alalapo, au mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, huenda tabibu akamwekea mpaka wa maji. Mtu wa namna hii akiyafuata maneno ya majirani atajidhuru, na pengine atakufa.

Tena lipo jambo la Shinyanga khasa. Nchi yetu ni kavu, na maji ya visima vya sehemu nyingi yana ladha ya chumvi au magadi. Mwenyezi Mungu ametutajia katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 53, bahari mbili, moja tamu yenye kukata kiu na nyingine ya chumvi kali, na akaweka kizuizi baina yake. Kisima kikiwa upande wa ile ya chumvi, nacho kihesabiwe katika chakula. Ulimi wa mtu huanza kuionja sodiamu katika maji ifikapo kiasi cha miligramu 200 katika lita moja. Mtu anywaye lita tatu za maji hayo kwa siku amekula sodiamu iliyo sawa na gramu moja na nusu ya chumvi, bila ya kugusa mboga. Katika pwani ya Bangladesh, ambako maji ya bahari yameingia visimani, imeonekana kuwa wanawake wenye mimba waliokunywa maji ya chumvi zaidi walipatwa zaidi na presha ya uja uzito. Na kuyachemsha maji hayaitoi chumvi. Huua vijidudu tu, na chumvi hubaki.

Tumshukuru Mwenyezi Mungu kuwa tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yaletwa kwa mabomba kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na Kahama. Nyumba iliyo na maji ya bomba na ya kisima cha chumvi, maji ya bomba yawe ya kunywa na kupikia, ya kisima yawe ya kufulia. Na asiye na bomba, akiweza, akinge maji ya mvua katika chombo safi chenye kifuniko, na ayachemshe kabla ya kuyanywa.

HADITHI ZISEMWAZO JUU YA CHUMVI

Tumesikia baadhi ya watu wakiitetea chumvi kwa jina la dini. Husema kuwa Mtume (S.A.W.) ameiita chumvi bwana wa vitoweo, na kuwa alimwusia Seyyidna Ali (R.A.) aanze chakula kwa chumvi kwa sababu ni dawa ya maradhi sabini. Hapana budi tuseme wazi. Hadithi ya kwanza imo katika Sunan Ibn Majah, na wanavyuoni wa Hadithi wamesema kuwa isnadi yake ni dhaifu. Ama ya pili, Ibn al-Jawzi ameitia katika kitabu chake alichokusanya Hadithi za kuzuliwa. Kumzulia Mtume ni jambo kubwa, na kumpa mgonjwa sumu kwa jina la Mtume ni kubwa zaidi.

Lililo sahihi twalijua sote. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, yatuamrisha kula na kunywa na kutofanya israfu. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, amelifunza tumbo ligawanywe mafungu matatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi. Naye amesema kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Israfu si ya nyama na wali tu. Kijiko cha chumvi kilichozidi ni israfu iliyo rahisi kuliko zote, na ni ghali kuliko zote wakati wa kulipa.

VIPIMO VYA JIKONI

Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani haufiki ujazo wa kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Na humo imo chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya samaki, ya vidonge vya mchuzi. Watoto wahitaji chini ya hapo.

Mama wa nyumba hatapima gramu kila siku. Lakini apime pakiti. Nyumba ya watu wazima sita, kwa gramu 5 kila mmoja, yatumia gramu 30 kwa siku, na pakiti ya nusu kilo yachukua siku kumi na sita na zaidi. Siku afunguapo pakiti na aandike tarehe juu yake. Ikiisha katika wiki moja, na ajue ya kuwa nyumba yake yala zaidi ya mara mbili ya kiasi. Na kwa kuwa chumvi nyingine yaingia kwa mlango wa mkate na kayabo, pakiti hiyo yapaswa ikae mwezi mzima au karibu yake.

Magadi nayo yasisahauliwe. Wengi huyatia katika maharage na mlenda ili viive upesi, nao hudhani kuwa hawakutia chumvi. Magadi ni sodiamu vile vile, ingawa ulimi hauionji kama chumvi. Maharage yakilowekwa usiku kucha yataiva bila ya magadi. Kayabo na alowekwe, na maji yake yamwagwe mara mbili au tatu kabla ya kupikwa. Dagaa waliokaushwa kwa jua pasipo chumvi ni bora kuliko kayabo. Ladha na itafutwe katika limau, ukwaju, nyanya, kitunguu, tangawizi, pilipili na karanga za kusaga. Ulimi hulalamika wiki chache, kisha huzoea, na baadaye chakula cha zamani huuona ni kichungu.

Chumvi kidogo ibakiyo iwe ni ile iliyotiwa madini joto, maana yake ni kinga ya rovu na ya udhaifu wa akili kwa watoto. Ipo pia chumvi ya namna mpya, ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Huko Uchina ilijaribiwa katika vijiji 600 kwa watu karibu 21,000 waliokwisha kupatwa na kiharusi au wazee wenye presha, na habari zilizotolewa mwaka 2021 zilionyesha kuwa kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye kutumia baadhi ya dawa za presha, yaweza kumdhuru. Asiitumie ila kwa ruhusa ya tabibu.

DAWA, SAUMU NA KIHARUSI

Kupunguza chumvi hakuondoi dawa. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Mume wa dada yetu asiache vidonge eti kwa kuwa hesabu imeshuka. Imeshuka kwa sababu avimeza. Na Ramadhani ikikaribia, aende kwa tabibu mapema ili saa za dawa zipangwe baina ya futari na daku, khasa ikiwa ana vidonge vya kukojoza. Daku yake isiwe ya kayabo, maana atashinda na kiu. Na akikatazwa kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur-ani, wala haimpunguzii heshima.

Tena twasema neno hili kwa uchungu. Mtu akipinda mdomo ghafula, au mkono ukalegea, au ulimi ukawa mzito, hicho ni kiharusi, na kila saa ina thamani. Apelekwe hospitali upesi. Katika mikoa yetu hii imepata kutokea mtu akaanguka hivyo, kisha badala ya kumpeleka hospitali watu wakaenda kwa mpiga ramli, na ramli ikamtaja bibi kizee wa jirani ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Vikongwe wasio na hatia wameuawa Shinyanga na Geita kwa tuhuma kama hizo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, yatukataza dhana mbaya. Basi itakuwaje mbele ya Mola wetu kwa mtu aliyemwua mama wa watu kwa ajili ya maradhi yaliyokuwa katika mkebe wa chumvi wa nyumba yake mwenyewe?

JIBU LETU

Ee dada yetu, umeuliza umpikie nani. Mpikie mume wako, na wote watakuwa wamepikiwa. Chungu kiwe cha chumvi kidogo. Mume atakula kwa salama pamoja na watu wake, asitengwe na sahani ya mgonjwa, kwani mtu aliyetengwa huona haya na huiba chumvi. Watoto watakua na ulimi usioitamani. Mkebe wa chumvi uondoke mezani. Kijana wako, siku za kupumzika, na ale kama babaye ili ulimi wake upone, na siku arudipo shimoni mfungashie michembe, karanga na chupa kubwa ya maji, umwusie anywe. Naye apimwe presha kabla hajaondoka, na wewe upimwe siku hiyo hiyo, kwani katika barua yako umetaja watu wa nyumba wote ila wewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mume wako, amlinde kijana wako chini ya ardhi na juu yake, na azijaalie nyumba za Waislamu kuwa za kiasi na afya. Amin.